Kwa Nini Salamu za Pelumo Huwa Ndefu

Mgeni wetu ameuliza swali, nami nilimwomba asubiri nimalize kinu hiki cha vitunguu kwanza. Anasema jana alipopanda genge kuja kwetu alipewa maji mara moja, na kivuli akapewa, lakini mpaka jioni hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza amefuata nini. Badala yake waliulizia baba yake, mama yake, mashamba ya kwao, mvua ya kwao, mbuzi, njia aliyopita, na hata punda, ingawa yeye hana punda. Alijibu mpaka akachoka. Kila alipodhani salamu zimekwisha, mtu mwingine alitoka nyuma ya mwamba akaanza upya.

Swali lake ni zuri. Nyie wajukuu zangu endeleeni kuviringa madonge ya vitunguu na kuyaanika juu ya jiwe. Mtu anaweza kusikiliza huku mikono inafanya kazi. Nitasimulia kama nilivyosimuliwa mimi Yapama na bibi yangu, naye alisimuliwa na bibi yake.

Kulikuwa na wakati hapa Pelumo salamu ilikuwa neno moja tu. Mgeni akifika kwenye lango la mawe, mlinzi aliyekaa juu ya mwamba alimwambia, "Sema." Naye mgeni alisema alichokibeba, palepale, mguu mmoja ukiwa bado njiani. Msidhani watu wa siku hizo walikuwa wakali. Walikuwa na hofu, na walikuwa na haki ya kuogopa. Huko chini kwenye mchanga walipita wapanda farasi waliokamata watu na kuwafunga kamba shingoni, na ndiyo maana babu zetu walizibandika nyumba zao kwenye mawe kama mbayuwayu. Habari iliyochelewa kwa muda wa kuchemsha uji iliweza kukigharimu kijiji watoto wake wote. Kwa hiyo walijifunza kuidai habari haraka, kama mtu anavyochomoa mwiba.

Lakini si kila habari ni ya farasi. Ziko habari za harusi, za mvua, za ng'ombe aliyepotea akapatikana, na ziko za msiba. Zote ziliingia kwa lango lilelile na kwa neno lilelile. Siku moja mwanamke aitwaye Yasemu alikuwa juu ya ngazi ya ghala lake, ameshika kikapu cha uwele, mjumbe alipopita langoni akaambiwa, "Sema." Mjumbe akapaza sauti kwamba mume wa Yasemu amefariki safarini. Alisema kweli, tena alisema kwa heshima. Ila alisema wakati Yasemu hana pa kukanyaga isipokuwa kidato chembamba cha mti. Yasemu alianguka. Hakufa, lakini nyonga yake haikurudi mahali pake, na tangu hapo akawa anashinda kwenye kizingiti cha nyumba yake akisokota pamba. Watu walimhurumia sana. Walisema ngazi ile ni mbaya, wakaichanja kuni.

Miaka mitatu ikapita. Katika kijiji hicho aliishi mjane aitwaye Yakoro, mama wa mtoto mmoja tu, kijana Atemu. Yakoro alikuwa na bustani ya vitunguu juu ya mwamba mtupu. Udongo wake aliupandisha yeye mwenyewe kwa kikapu, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, akazungushia mawe ili mvua isiuchukue. Atemu alikuwa kijana mpole, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuamka. Kiangazi kimoja alifunga mzigo wa vitunguu vikavu akaenda nao kwenye mto mkubwa, mwendo wa siku sita, ili avibadilishe kwa samaki wa kukaushwa. Alisema atarudi mvua za kwanza zikianza. Mvua zilikuja, uwele ukakua, ukavunwa, ukaingizwa ghalani. Atemu hakurudi. Alituma salamu mara moja kwamba amepata kazi kwa wavuvi na anakaa vizuri.

Huko mtoni Atemu alikuwa amepata rafiki, mvuvi wa rika lake aitwaye Bamoyi. Walilala kibanda kimoja na kuvua kwa mtumbwi mmoja. Atemu alipougua homa, Bamoyi aliacha nyavu zake akamuuguza. Siku ya tano Atemu alifariki. Wavuvi walimzika kwenye ukingo wa juu ambako maji ya mafuriko hayafiki, na Bamoyi akachukua mkoba wa rafiki yake, akauliza njia ya kwenda kwenye magenge, akaanza kutembea.

Alikuwa hajawahi kupeleka habari ya kifo. Aliogopa kwamba akifika mbele ya mama wa Atemu maneno yatamkimbia, kwa hivyo aliyatengeneza mapema: "Mimi ni Bamoyi. Mwanao amefariki kwa homa. Tumemzika vizuri." Maneno hayo aliyarudia kwa siku sita, kila hatua na neno lake, mpaka yakawa kama kitu kigumu alichokifumbata.

Alifika chini ya genge asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa mapango ya juu. Pale kwenye chemchemi palikuwa na mwanamke mmoja anajaza mtungi. Ndiye Yakoro. Aliinua macho akamwona kijana mgeni mwenye mabega mapana ya watu wa makasia, amevaa mkoba wa ngozi ya mbuzi. Ukingo wa mkoba ule ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ule aliutia rangi yeye, na mshono ule aliushona yeye, kiangazi kile mwanawe alipokuwa anafunga mzigo.

Kwa desturi, aliyekutana na mgeni kwanza, hata nje ya lango, ilimpasa aseme, "Sema."

Yakoro mwenyewe alisimulia baadaye kwamba neno lilikuja mpaka ulimini, akalimeza. Akatua mtungi chini kwanza, polepole. Kisha akauliza, "Umelalaje njiani?"

Bamoyi alikuwa amekwisha fungua mdomo kutoa maneno yake ya siku sita. Akaufunga. "Nimelala salama, mama."

"Na huko mtoni wamelalaje?"

"Salama."

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mama yako je?"

Hapo kijana alitazama mchanga. "Hajambo, mama. Yupo."

"Samaki wapo?"

"Wapo."

"Mtumbwi wako mzima?"

"Unavuja kidogo upande wa nyuma," Bamoyi alisema, "lakini unaelea."

"Basi unywe maji," Yakoro alisema, akamkingia kibuyu. Alipokuwa anakunywa, alimtazama koo likipanda na kushuka, akaona kwamba ni kijana mdogo, na amekonda kwa safari. Alipomaliza akamwambia, "Jina langu ni Yakoro. Leo wewe ni mgeni wangu. Twende taratibu, njia hii ina mawe mengi."

Bamoyi alilijua jina hilo. Alikuwa amelisikia kibandani mara nyingi kuliko jina la mtu mwingine yeyote. Akamfuata nyuma, mkono ukiwa juu ya mkoba, akijiambia kwamba mama huyu akinyamaza kidogo tu atasema. Lakini Yakoro hakunyamaza. Aliuliza juu ya mvua ya mtoni, juu ya nyasi wanazoezekea, juu ya dada zake wangapi wameolewa. Wakawa wanapanda hivyo, swali na jibu, jiwe baada ya jiwe, mpaka langoni.

Mlinzi wa siku hiyo alikuwa mtu mnene mwenye sauti kubwa, aitwaye Domu. Alimwona mgeni akasema, "Sema."

"Huyu hajafika bado," Yakoro akamjibu.

Domu akashangaa. "Mama Atemu, namwona kwa macho yangu. Amesimama hapa."

"Amesimama, lakini hajafika. Bado anatembea. Akifika nitakwambia."

Domu hakuwahi kusikia jibu la namna hiyo. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa wazee. Baraza letu mnalijua, lile la paa la mabua mazito lililoshushwa chini sana, mtu hawezi kusimama humo wima, na anayeinuka kwa hasira hugonga kichwa. Mzee wa baraza wakati huo alikuwa Ambara. Aliwaita wote wawili. Bamoyi akainama akaingia, na Yakoro akabaki nje penye kivuli, kwani wanawake hawakuingia.

"Kijana," Ambara alisema, "hapa hatuna mchezo na habari. Nijibu neno moja. Ulichokibeba ni cha kijiji kizima, au ni cha nyumba moja?"

"Ni cha nyumba moja, baba," Bamoyi alijibu.

Wazee wakatazama nje. Kupitia nguzo za baraza walimwona Yakoro amesimama anapangusa vumbi kwenye mtungi wake, anaupangusa mahali palepale. Ambara alikuwa amezika watoto wawili. Alitazama mkoba begani mwa kijana, kisha akatazama chini.

"Kama ni cha nyumba moja," alisema, "kinaweza kusubiri mwenye nyumba. Nenda ukatembee."

Hivyo ndivyo ilivyoanza siku ile ndefu.

Yakoro alimpeleka kwanza bustanini. Alimwonyesha udongo wake na mawe aliyouzungushia, akamwambia kila pembe ilitoka wapi. Walimwagilia pamoja, yeye kwa kibuyu chake, Bamoyi kwa kibuyu cha pili kilichokuwa kimetundikwa kwenye mti. Kijana wa mtoni alikuwa hajawahi kuona maji yakimwagwa kwa uangalifu vile. Kwao maji huja yenyewe mpaka mlangoni, wakati mwingine bila kukaribishwa. Alipomwambia Yakoro hivyo, Yakoro alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyesikia jambo la kuchekesha, kikamshangaza hata yeye mwenyewe.

Toka hapo alimpitisha kati ya maghala, yale yenye kofia za majani. "Hili lilikuwa la mume wangu. Hili ni langu, na hakuna anayelifungua ila mimi." Walifika kwenye ghala dogo ambalo kuta zake zimekwisha lakini halina paa. Yakoro akaweka kiganja ukutani. Udongo ulikuwa umeanza kupata joto la jua.

"Hili ni la mwanangu," alisema. "Alitaka kuoa. Mwanamume wa kwetu hujenga ghala kwanza ndipo aongee na wazazi wa binti. Kuta alizijenga kwa siku kumi. Paa alisema atalifanya akirudi."

Bamoyi alijua habari za binti yule pia. Alijua hata jina lake. Machozi yalimlenga, akageuka akajifanya anatazama pimbi waliokuwa wakiota jua mwambani. Yakoro alimwona. Alimwacha mpaka akapumua vizuri, kisha akamuuliza pimbi kwa lugha ya mtoni wanaitwaje.

Jua lilipofika utosini walikuwa nyumbani kwa Yasemu. Yakoro alimsalimu yule mwenzake aliyekaa kizingitini na pamba yake, akaingia ndani kukoroga uji wa adhuhuri. Bamoyi akabaki nje na Yasemu.

Yasemu alisokota uzi kwa muda bila kuinua uso. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni Atemu?"

Kijana aliukumbatia mkoba.

"Vema, usinijibu mimi. Mimi sistahili kusikia kabla yake." Aligeuza pia ya kusokotea uzi mkononi. "Mimi nililetewa habari nikiwa juu ya ngazi, mwanangu. Unaniona nilivyo."

"Mama, nifanye nini?" Bamoyi alinong'ona. "Maneno ninayo tangu mtoni. Yananichoma. Kila nikitaka kusema ananiuliza jambo. Nafikiri hajui."

"Anajua. Amejua tangu pale chemchemini. Mtu akijua kichwani, miguu yake huwa bado haijajua, na mikono haijajua, na huo mwili ndio utakaobeba. Mwache atembee. Mwache akuonyeshe vitu vyake, avishike kimoja kimoja. Siku atakapokaa chini mwenyewe akakutaka useme, hapo usimcheleweshe hata kidogo."

Yakoro alitoka na uji. Wakala wote watatu katika bakuli moja, na mazungumzo yalikuwa juu ya uji, kwamba ukwaju mwaka huu umekuwa mkali kuliko mwaka jana.

Sasa kijiji ni kijiji. Hakuna aliyetangaza, na Ambara aliwakataza wazee kusema, lakini kufikia alasiri kila mtu alikwisha elewa. Walimwona Yakoro anapita na mgeni mwenye mkoba wa mwanawe, na walimsikia anavyouliza maswali yake madogo madogo. Kwanza hawakujua la kufanya. Desturi yao ilikuwa na neno moja tu, na neno hilo hakuna aliyethubutu kulitoa. Mfumaji mmoja aliyekuwa kwenye kitanda chake cha kufumia nguo ndiye aliyeanza. Alisimama walipompita, akamwambia Bamoyi, "Umeshindaje? Baba yako hajambo? Na mama?" Bamoyi akajibu kwamba hawajambo. Kisha mfumaji akamgeukia Yakoro na kumuuliza, kwa sauti ileile, vitunguu vyake vinaendeleaje. Yakoro akasema vinaendelea vizuri. Mfumaji akaacha kazi yake, akawafuata nyuma, mbali kidogo. Mwenye kufua vyuma naye akauliza habari za njia na za mvua, akafuata. Wanawake wawili waliokuwa wakitwanga wakauliza habari za watoto wa mtoni, wakaweka michi chini, wakafuata. Yakoro hakugeuka kuwatazama. Alizisikia tu hatua za watu zikiongezeka nyuma yake.

Alimpandisha Bamoyi mpaka juu ya genge, mahali ambapo mtu huona tambarare yote chini, mchanga na miti midogo mpaka upeo wa macho. Juu yao yalikuwa mapango ya watu wa kale ambao hata babu zetu hawakujua majina yao. Waliketi juu ya jiwe. Yakoro alimsimulia jinsi Atemu alivyokuwa mdogo, alivyomwogopa hondohondo kwa sababu ya mdomo wake mkubwa, na kwamba alikuwa akijificha ndani ya kikapu cha mama yake kila ndege huyo akilia. Bamoyi alisema, "Hata alipokuwa mkubwa alimwogopa," kisha akashtuka kwa kuwa amesema "alimwogopa" badala ya "anamwogopa". Neno lilikuwa limekwisha toka. Yakoro alitikisa kichwa polepole, akatazama mbali.

"Huko kwenu," aliuliza, "mtu akiugua hupewa nini?"

"Hupewa maji ya majani ya mkwaju, mama. Na uji mwepesi."

"Na kama hawezi kushika bakuli?"

"Hulishwa."

"Na nani?"

"Na rafiki yake," Bamoyi alisema. "Rafiki yake haondoki. Humlisha, humpepea, humgeuza akichoka kulala upande mmoja. Mgonjwa akiongea habari za kwao, rafiki yake humsikiliza mpaka mwisho."

"Huongea habari za kwao?"

"Sana, mama. Huongea habari za bustani iliyo juu ya mwamba."

Upepo ulivuma kutoka tambarare ukapita. Halafu Yakoro akasimama, akajipangusa, akasema, "Haya, tushuke nyumbani."

Uani kwake alitandika mkeka chini, mbali na jiko, mbali na ngazi, mbali na kila kitu kigumu. Akaketi, akanyoosha miguu yake yote miwili, akaweka viganja juu ya udongo. Jua lilikuwa limeinama lakini mwanga ulikuwa bado mwingi. Bamoyi akapiga magoti mbele yake.

"Sasa umefika, mwanangu," Yakoro akamwambia. "Sema."

Yale maneno aliyoyatengeneza kwa siku sita hakuyapata. Yalikuwa yameyeyuka mahali fulani kati ya bustani na genge. Akasema tu, "Mama, Atemu hatunaye," akauvua mkoba akauweka mapajani mwa Yakoro.

Wanasema kilio cha Yakoro kilifika mpaka kijiji cha pili. Lakini hakuanguka, maana alikuwa amekwisha keti. Wala hakuwa peke yake hata kwa pumzi moja. Wale waliokuwa wakimfuata tangu alasiri walikuwa wamejaa nje ya ua wake, wakaingia, na wanawake wakamshika mabega. Hata Yasemu alikuwepo. Domu, yule mlinzi mwenye sauti kubwa, alikwenda kumchukua kizingitini kwake akamleta mgongoni. Alimketisha karibu kabisa na Yakoro, kisha akaenda kusimama ukutani, akalia huko.

Bamoyi alikaa Pelumo mpaka matanga yakaisha. Kila siku Yakoro alimuuliza jambo moja zaidi juu ya zile siku tano za homa, moja tu, na akishajibiwa alikwenda kumwagilia vitunguu. Kijana alipoondoka, Yakoro alimpa jina la nyumbani, na kila kiangazi kijana alirudi kumsalimu mpaka mama yule alipozeeka.

Matanga yalipokwisha, Yasemu aliomba kupelekwa barazani. Alikaa nje kivulini, akazungumza na wazee kupitia nguzo.

"Mliichanja ngazi yangu," aliwaambia. "Ngazi ile niliipanda miaka ishirini, nikiwa na mimba, nikiwa na mizigo, haikuniangusha. Kilichoniangusha ni neno lililoletwa kabla sijawa tayari. Yakoro ameletewa neno kubwa kuliko langu, na leo asubuhi amekwenda bustanini kwa miguu yake. Nataka mfikiri juu ya hilo."

Mzee mmoja akauliza, "Na farasi je? Wakija wapanda farasi, nasi tuko hapa tunaulizana habari za kuku?"

"Farasi pigieni pembe," Yasemu akamjibu. "Pembe ikilia, kila mtu ataelewa wala hatasubiri salamu. Lakini mtu anayekuja kwa miguu yake, akiwa peke yake, amebeba kitu cha nyumba moja, huyo mpeni siku yake."

Ambara alikuwa mtu aliyeisimamia desturi ile ya neno moja tangu ujana wake, na hao watoto wake wawili waliokufa, habari zao pia alizisikia langoni, akiwa amesimama, watu wakimtazama. Bibi alisema mzee alivuta ugoro wake, akaufunga, akaufungua tena. Mwishowe akasema iwe hivyo. Pembe ikachongwa ikatundikwa kwenye mwamba wa mlinzi, na neno "Sema" likaondolewa langoni.

Na tangu siku hiyo, mtu akifika Pelumo hupewa maji, na kisha huulizwa habari za walio hai. Tunaanza na baba na mama, tunashuka kwa watoto, tunafika kwenye mashamba na mifugo, na kila kinapotajwa kimoja aliyeulizwa huitikia, "Sewo," maana yake ni salama. Atakayesikia na atakayesema wote wawili hujibu hivyo, hata kama mmoja wao ana msiba kifuani, kwa sababu aliyeuliziwa kweli ni mzima, na mbuzi kweli wapo, na ni vizuri vitajwe kabla ya kutajwa kile kilichokosekana. Hatuharakishi. Hatumuulizi mtu amefuata nini mpaka tumwone ameketi, nasi tumeketi. Na kwa kuwa kwa kumtazama tu hatuwezi kujua amebeba nini, tunawasalimu wote sawasawa, mchuuzi na mkwe na mpita njia, kama kwamba kila mmoja ametembea siku sita na neno zito.

Sasa wewe mgeni, jana jioni ulipokaa hatimaye, tukakuuliza umefuata nini, ukasema umekuja kutembea tu na kutazama kijiji. Watu wote uani walicheka, nami niliona umeinamisha uso, ukadhani wanakucheka. Hapana, mwanangu. Mchana kutwa tulikuwa tumekuandalia mahali pa kulilia, na ikawa hakuna haja. Ilikuwa furaha ile.